Pini Laini

Urho Kuusisto alipofariki mwezi wa saba, alimwachia mkewe nyumba ya mbao, sauna ya kuogea mvuke aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe, kuni za kutosha misimu miwili ya baridi, na mashine ya kurusha theluji yenye uzito wa ndama. Nyumba, sauna na kuni Saima aliviweza. Mashine ndiyo iliyomtoa jasho. Aliijaribu mwezi wa tisa, kabla baridi haijapiga hodi, akaiwasha, akashika mikono yake miwili ya chuma, na ile mashine ikamburuta hadi kwenye uzio wa jirani. Saima alikuwa na miaka sabini na mitatu na mwili wa msichana wa shule ya msingi. Aliizima, akaitukana kwa Kifini, akarudi ndani kukanda unga.

Kwa bahati mbaya binti yake, Lorna, alikuwa dirishani akiyaona yote. Alikuja toka Green Bay, mwendo wa saa tano kwa gari, kuweka jiwe kwenye kaburi la baba yake, na alikuja pia na karatasi za nyumba moja ya wazee iliyo karibu na kwake. Vyumba vina joto, kuna lifti, na kuna mtu wa kusafisha theluji ambaye huhitaji hata kumjua jina. Lorna alizitandaza karatasi mezani taratibu, kama mtu anayepanga sahani za mgonjwa.

Mzozo haukuwa mkubwa, maana wote wawili walikuwa bado na msiba. Lorna alisema baba alikuwa akiisafisha ile njia ya gari mara mia kwa mwaka, hatua themanini toka mlangoni hadi barabarani, na sasa ataisafisha nani. Saima akasema ataisafisha yeye. Lorna akauliza, je, siku akianguka na njia imeziba, gari la wagonjwa litapita wapi. Swali hilo Saima hakuwa na jibu lake, na mtu asiye na jibu huwa mkali, kwa hiyo akasema kwamba yeye amepika uji wa watoto mia mbili kila asubuhi kwa miaka thelathini, na mashine za jikoni mle shuleni zilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Mwishowe walipatana. Lorna angemwekea mama yake chumba hadi mwisho wa Februari. Jumapili ya pili ya Februari, wakati theluji ya Keweenaw, rasi yao iliyoingia ziwani, imefika inapofika, angekuja kuona kwa macho yake. Akikuta njia iko wazi, habari ya chumba ingekufa.

"Lakini kwa mkono wako, Mama," alisema Lorna. "Siyo kwa mkono wa Wendell."

Wendell Trezona ndiye yule jirani mwenye uzio. Alikuwa mjane wa kiume, mzee wa miaka themanini kasoro, mrefu, mwenye maneno mengi, na vidole vitatu tu katika mkono wa kulia.

Mchagua jembe si mkulima, husemwa hivyo, lakini aliyesema hakuwahi kuingia duka la mashine za theluji mjini Calumet mwezi wa kumi. Saima aliingia na mkoba wake na daftari la mapishi. Muuzaji, mtu mzima mwenye kitambi, alikuwa miongoni mwa wale watoto mia mbili wa uji, naye alimpokea kwa heshima zote na kumpeleka moja kwa moja kwenye mashine ndogo nyepesi, ya rangi ya kupendeza, ambayo ungeweza kuinyanyua kwa mkono mmoja.

Saima akaiinamia. Akauliza inakula vipi. Muuzaji akakiri kwamba hiyo inazoa na kurusha kwa panga lile lile moja linalogusa ardhi, kwa hiyo njia ya kokoto haiifai, maana itazirusha kokoto hadi kwenye vioo vya madirisha. Na lile tuta gumu ambalo lori la kaunti la kusukuma theluji huliacha mdomoni mwa njia kila linapopita? Muuzaji akajikuna shingo. Kwa tuta lile, alisema, hiyo ni kijiko cha chai.

Wakaenda kwenye kubwa. Ilikuwa mdogo wa ile ya Urho, na Saima hakuisogelea hata. Katikati ndipo ilipokuwa mashine yake. Upana wake ulikuwa wa hatua ndogo moja, mbele ina skrubu mbili nene za kutafuna theluji, nyuma yake feni ya kuirusha nje kupitia shingoni, yaani bomba lake la juu, na chini ya kila mshikio kuna kijitufe cha kidole. Ukikibonyeza cha kulia, gurudumu la kulia linaachia na mashine inageuka yenyewe kulia. Saima alitaka kuhakikisha. Aliizungusha katikati ya duka, akapita baina ya makopo ya rangi, akarudi, akapita tena, mara nane, wateja wengine wakisubiri. Mashine huichagui kwa macho, alimwambia muuzaji, unaichagua kwa mgongo. Halafu akauliza kama inaweza kuwashwa kwa umeme wa ukutani siku ya baridi kali, maana bega lake halikuwa tena la kuvuta kamba. Iliweza. Ile ya Urho ikachukuliwa kama sehemu ya bei.

Kabla hajaondoka, muuzaji alipiga goti mbele ya zile skrubu akamwonyesha pini mbili ndogo, nyembamba kuliko kidole cha mtoto. Kila skrubu imeshikizwa kwenye mhimili wake kwa pini moja tu ya chuma laini. Skrubu ikiuma jiwe, pini inakatika, skrubu inasimama, na giaboksi, ambayo ndiyo moyo wa mashine, inasalimika. Akampa tatu za akiba kwenye kifuko.

"Usikasirike zikikatika, Bi Saima," alisema. "Kazi yake ndiyo hiyo."

Saima akaandika kwenye daftari, chini ya kipimo cha hamira: pini, laini.

Mambo mengine alifundishwa na Wendell, apende asipende. Huko watu huelekezana kuhusu mashine kama kwingine wanavyoelekezana kuhusu ndoa, bila kuulizwa. Wendell alimwambia asiiweke mashine penye joto, maana chuma chenye joto kikikutana na theluji, theluji inayeyuka na kuganda upya ndani ya shingo. Ikae kwenye banda la baridi. Akimaliza kazi, asiizime papo hapo, aiache izunguke dakika moja iteme mabaki. Petroli asiilimbikize, na masika ikifika aiache inywe tangi lote hadi ikauke. Viatu vya chuma vya pembeni avishushe ili mdomo uinuke usichote kokoto. Na shingo ikiziba, azime kwanza, achomoe funguo, kisha atumie kijiti.

"Kijiti," alirudia Wendell. "Mimi nilitumia mkono." Akauinua ule wa vidole vitatu. "Hivi viwili ndiyo ilikuwa ada ya shule."

Saima naye akaongeza elimu yake ya jikoni. Aliipaka shingo ya mashine mafuta ya kupikia, kwa brashi, kama anavyopaka bati la mikate, na theluji ikawa inateleza humo bila kunata. Wendell aliona, akacheka kwa dharau, na wiki iliyofuata akaonekana dukani ananunua mafuta ya kupikia, mtu ambaye hajapika tangu azikwe mkewe.

Kulikuwa na kutoelewana kumoja tu. Katika pwani ile ya ziwa, ukiamka na kukuta njia yako imesafishwa, hutoi shukrani. Hutaji hata. Unaoka kitu, unakipeleka mlangoni kwa aliyekusafishia, unasema umeoka kingi kimezidi, mambo yanaisha. Basi mwanzoni mwa Desemba Saima aliamka akakuta njia yake nyeupe imenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Akaoka mkate wa iliki, akavuka, akamkabidhi Wendell, na akavunja mila papo hapo mlangoni.

"Asante. Usirudie."

Wendell alibaki na mkate mkononi. Saima akamweleza habari ya Lorna na chumba cha Green Bay, na kwamba hadi Jumapili ya pili ya Februari kila chembe ya theluji iliyo upande wake ni yake. Wendell akasema theluji haina jina la mtu. Saima akasema ya mwaka huu inalo. Yule mzee hakuridhika, lakini aliahidi, na kwa miezi miwili alikaa dirishani akimwangalia jirani yake akitembea nyuma ya mashine kwa kofia ya sufu ya Urho iliyomfika machoni, na ilimuuma kweli kukaa kitako.

Na Saima aliweza. Tuliseme waziwazi, maana yaliyofuata yangeweza kumfanya mtu afikiri vingine. Januari yote ziwa lilipuliza theluji kama lililipwa, na kila asubuhi baada ya kahawa Saima alitoka, akachomeka waya, akawasha, akaenda na kurudi, akiielekeza shingo upande wa sauna ili asimwagie Wendell wala barabara ya kaunti. Usiku alilala usingizi mzito ambao hakuujua tangu mazishi. Mara nyingine, katikati ya njia, alijikuta akimwambia Urho jinsi kazi inavyokwenda. Alimkumbuka sana, na huko nje, katika kelele, ndiko alikoweza kulia bila kusikiwa na mtu.

Pini ya kwanza ilikatwa na jiwe. Ya pili ilikatwa na gazeti lililoganda. Ya tatu ilikatwa na barafu kwenye lile tuta la lori. Kila mara alizima, akachomoa funguo, akabadilisha, akaendelea. Kila mara alijiambia akienda Calumet atanunua nyingine, na kila mara alikwenda Calumet akanunua iliki.

Jumamosi usiku wa kuamkia siku ya Lorna, theluji ilianguka hadi kimo cha mapaja. Saima aliamka, akaangalia nje, akanywa kahawa vikombe viwili badala ya kimoja. Lorna angefika mchana. Barabara kuu lori lilikwisha kuipitia alfajiri, na lile tuta mdomoni mwa njia lilikuwa limefika kifuani kwake.

Alianza saa mbili. Alifungua hatua themanini zote vizuri kabisa, akafika kwenye tuta, akalishambulia kidogo kidogo kama alivyofundishwa, na humo humo pini ya nne ikakatika. Akarudi bandani kwenye kifuko. Kifuko kilikuwa kitupu. Ilikuwa Jumapili, duka limefungwa, na baina yake na ushindi palikuwa na theluji ya ukubwa wa gari moja dogo.

Kwenye rafu kulikuwa na kopo la kahawa la Urho, la misumari na bolti. Saima alilimwaga mezani. Akapekua, na katikati ya kutu akakuta bolti moja inayong'aa, ndani ya karatasi yake, unene ule ule, urefu ule ule. Kichwani ilikuwa na mistari midogo sita iliyochorwa mviringo. Fundi yeyote wa huko angeiona mistari ile sita, alama ya chuma kigumu, akaiweka chini. Saima aliiona akafurahi. Aliona ni kama Urho kanyoosha mkono toka alipo kumsaidia, na macho yakamjaa machozi hapo hapo bandani. Akaipachika. Ikaingia kama iliyozaliwa humo.

Na kweli haikukatika. Tuta lilipungua, likapungua, Saima akaanza kuhesabu dakika. Kisha ile mashine ikauma gogo la kuni. Lilikuwa lake mwenyewe, lilidondoka toka kwenye kijisleji cha kuburutia mizigo jioni iliyotangulia alipokuwa anapeleka kuni za ziada kwa mwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara, na theluji ikalifunika. Pini laini ingekatika, akatukana kidogo, yakaisha. Bolti ya Urho ilishika. Kilichokatika ni cha ndani. Ulisikika mlio kama wa mtu kusaga sahani, skrubu zikasimama, na mafuta ya rangi ya asali yakaanza kudondoka juu ya theluji.

Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Alikwenda kuchukua beleshi pana la kusukuma. Alisukuma mara kumi na tano. Mara ya kumi na sita moyo ulimpiga vibaya hadi akaketi chini, katika theluji, mgongo ukiegemea tuta, na akakaa pale akitazama mawingu ya pumzi yake. Alifikiria lifti ya Green Bay. Alifikiria mtu wa kusafisha theluji asiyejulikana jina. Alijisikia mzee, na hakuwa amejisikia hivyo msimu wote.

Wendell alikuja na mashine yake bila kuitwa. Hakusema asubuhi njema. Alimwinua kwa mkono wa vidole vitatu, akamsogeza pembeni kama kiti, akalimaliza lile tuta kwa dakika sita. Halafu wakaisukuma mashine ya Saima hadi bandani, wote wawili wakihema, na Wendell, ambaye hajawahi kuona chuma kilichovunjika asikifungue, akachukua spana.

"Nani kakupa hii?" aliuliza. Alikuwa ameshika ile bolti.

"Urho. Ilikuwa kwenye kopo lake."

Wendell aliitazama mistari sita, akafungua giaboksi, akatoa gia ya shaba ndogo ambayo upande mmoja meno yote yalikuwa yamenyolewa. Akaifuta kwa kitambaa. Kisha akainua macho ukutani.

Ukutani, juu ya meza ya kazi, kwenye msumari, ilikuwepo gia nyingine ya shaba, kubwa zaidi, nayo imenyolewa meno upande mmoja. Saima alikuwa akiijua miaka mingi. Ilikuwa kumbukumbu ya mgodi. Baba yake Urho alichimba shaba chini ya ardhi miaka arobaini, na Saima kila masika aliishusha ile gia, akaisugua kwa siki na chumvi hadi ikang'aa, akairudisha, kwa heshima ya baba mkwe.

"Mgodi?" alisema Wendell. "Nani kakwambia ya mgodi?"

Saima akafikiri. Hakuna aliyemwambia. Aliiona imetundikwa tu, ya shaba, na katika nyumba zile kila kitu cha shaba kilichotundikwa kinatoka mgodini.

"Jirani, hiyo ilitoka kwenye tumbo la ile mashine yenu ya zamani. Mwaka tisini na moja. Pini zilimwishia, akaenda kununua bolti ngumu. Zinauzwa mbili mbili kwenye karatasi." Aliinua ile aliyoitoa. "Moja iliiua gia. Hii ni pacha wake."

"Aliniambia mashine imezeeka. Ilikaa gereji mwezi mzima."

"Aliniapisha nisiseme. Akaitundika ili asisahau."

Saima aliitazama ile gia, nzuri, safi, inayong'aa kwa siki yake ya miaka thelathini na ushee. Alimwona Urho amesimama mlangoni mwa banda, kila masika, akimwangalia mkewe anavyousugua ujinga wake kwa heshima kubwa, asiseme neno. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika meza, Wendell naye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Saima kucheka tangu mwezi wa saba. Kisha kicheko kikageuka katikati ya njia, akakasirika. Alikasirika vibaya. Maana Urho alikaa wiki mbili na maumivu ya kifua mwezi ule wa saba, akasema ni kiungulia, akasema amelala vibaya, akasema chochote, hadi akaanguka kwenye ngazi za sauna. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye Saima alikuwa amelala ubavuni mwake siku zote kumi na nne.

Wendell alijifuta mikono. Alisema njia iko wazi sasa, na Lorna hana haja ya kufunguliwa banda. Turubai lipo. Wiki ijayo gia mpya ingefika, wangeibadilisha, na hakuna mtu angejua.

"Nimemtunzia Urho miaka yote hiyo," alisema. "Nitakutunzia na wewe."

Alisema kwa wema, na Saima alijua ni wema. Akachukua ile gia ndogo, akaifunga kwenye gazeti, akaenda nayo ndani.

Lorna alichelewa kwa sababu ya barabara. Alifika saa nane, akakuta tuta limefunguliwa wima pande zote mbili, njia imenyooka hadi mlangoni, hatua themanini zilizo safi. Aliteremka garini akasimama pale akiangalia kwa muda mrefu. Alipoingia jikoni, mashavu yake yalikuwa mekundu, na alimkumbatia mama yake kabla hajavua buti, kitu ambacho katika ile nyumba hakifanyiki.

"Sikuamini," alisema. "Njia nzima nilikuwa napanga jinsi ya kukuambia kwa upole. Na umefanya, Mama. Hata mdomoni kwa barabara."

Juu ya meza kulikuwa na kahawa, mkate wa iliki, na kitu kidogo kimefunikwa kitambaa cha chai. Saima alikata mkate. Alikata vipande vingi kuliko watu waliokuwepo. Chumba kile cha Green Bay kilikuwa kimekwisha kufa, binti yake mwenyewe alikuwa amekizika kwa mdomo wake, na alichohitaji Saima ni kunyamaza tu na kumimina kahawa. Ni jambo ambalo ndoa yake yote ilimfundisha jinsi linavyofanywa.

Aliweka kisu chini.

"Ya barabarani siyo mimi," alisema. "Ni Wendell." Akaondoa kitambaa, akalifungua gazeti. "Mashine nimeivunja. Niliishiwa pini kwa uzembe wangu, nikaweka bolti ngumu ya baba yako. Halafu nikachukua beleshi, moyo ukanipiga nikakaa chini kwenye theluji. Nilidhani nakufa, lakini ulikuwa uchovu. Sasa umetulia."

Lorna aliishika ile gia. Aliipitishia kidole upande uliobaki na meno, kisha upande usio na kitu. Saima alimwambia habari ya gia ya ukutani, na siki, na chumvi, na mwaka tisini na moja, maana alipoanza kusema aliona hamna sababu ya kuacha kitu. Alipomaliza, nje Wendell alisikika akifagia ngazi ambazo hazikuwa na theluji.

"Baba alikaa wiki mbili na kile kifua," alisema Lorna.

"Najua."

"Nilimpigia simu mara nne wiki hizo. Tukaongea habari za samaki." Alikuwa akilia, taratibu, bila kujificha. "Mama, mimi sikuwa naogopa theluji. Nilikuwa naogopa utakuwa kama yeye. Kwamba kitu kitavunjika humu ndani na mimi nitaambiwa njia iko wazi."

Saima alisogeza mkate.

"Umekaa na siri hii muda gani?" aliuliza Lorna.

"Tangu saa tatu asubuhi."

Lorna akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, kicheko cha baba yake kabisa, cha puani. Akasimama, akachukua gia, akauliza nyundo iko wapi.

Wendell aliwakuta bandani wote wawili, mama na mwana, wanapigilia msumari ukutani kando ya ule wa zamani. Ilimshangaza kuona hakuna aliyekuwa akipanga masanduku. Lorna alimwambia kwamba kesho atakirudisha chumba, na kwamba kuanzia leo kuna sheria mpya: Wendell akimwona Mama amekaa kwenye theluji, apige simu Green Bay kabla ya kuwasha mashine. Wendell akaahidi. Lorna akamwambia pia kwamba ahadi zake za kutunza siri zote katika nyumba hii zimefutwa, za nyuma na za mbele, naye akakubali hilo kwa aibu kidogo.

Saima alitundika gia yake ndogo. Akarudi nyuma akazitazama zote mbili, ile kubwa iliyong'aa na ile ndogo yenye mafuta bado. Kisha akatoa daftari la mapishi mfukoni, akafungua ukurasa wa hamira, na mahali alipokuwa ameandika pini, laini, akaongeza kwa kalamu: kumi na mbili, Jumatatu, kabla ya iliki.